Udongo wa mfinyanzi unapenda maji au unayakataa?

Swali la msomaji: Mtaalamu, nilichukua mabomba manne ya plastiki yanayoonyesha ndani, nikafunga kitambaa chini ya kila moja. Mawili nikayajaza mchanga mkavu wa punje kubwa, mawili nikayajaza udongo mkavu wa mfinyanzi niliousaga hadi ukawa unga. Nilipomwaga maji kwa juu, mchanga uliyameza papo hapo, lakini kwenye mfinyanzi yalituama saa nyingi. Kisha nikasimamisha yale mawili yaliyobaki ndani ya karai lenye maji kidogo. Hapo mambo yakageuka: kwenye mchanga maji yalipanda sentimita chache yakakoma, kwenye mfinyanzi yaliendelea kupanda siku baada ya siku. Je, mfinyanzi unapenda maji au unayakataa? Na kama unavuta kwa nguvu kuliko mchanga, mbona haunywi upesi kuliko mchanga? La mwisho: niliambiwa niweke kokoto chini ya chungu cha maua ili maji yatoke vizuri. Nimeweka, na udongo bado unabaki tope. Kwa nini?

Jibu: Ndugu msomaji, jaribio lako ni zuri na hukukosea popote. Ulichokiona ni sahihi mara zote mbili. Kinachokusumbua ni kwamba umechukulia kuvuta maji na kunywa maji kuwa kitu kimoja, kumbe ni vitu viwili vinavyotoka kwenye tundu lilelile na kupingana. Kadiri tundu linavyokuwa jembamba ndivyo linavyovuta kwa nguvu, na ndivyo linavyobana njia. Ila kubana huongezeka haraka kuliko kuvuta. Ukishika hilo, mengine yote yanafuata, hata tope la chungu chako.

Tuanze na punje. Kwa kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa udongo, mchanga ni punje za kuanzia milimita 2 hadi 0.05. Mchangatope, ule unga laini ambao mito huuacha kingoni, ni kuanzia 0.05 hadi 0.002. Chini ya hapo ndipo penye mfinyanzi. Maana yake punje ya mchanga yenye milimita 1 ni pana mara 500 kuliko chembe kubwa kabisa ya mfinyanzi. Chembe hiyo ya mfinyanzi ingekuzwa ikawa kama kichwa cha pini, punje ya mchanga ingekuwa jiwe linalomfika mtu kiunoni.

Wengi hudhani mchanga hunywa haraka kwa sababu una nafasi tupu nyingi kuliko mfinyanzi. Sivyo. Panga mipira ya ukubwa mmoja, kila mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, nafasi tupu itakuwa karibu asilimia 48 ya ujazo wote. Ipange kwa kuibananisha kabisa, itabaki asilimia 26. Hesabu hiyo haijali kama umepanga mipira ya kuchezea au shanga. Mfinyanzi kwa kawaida una nafasi tupu nyingi hata kuliko mchanga, maana chembe zake ni bapa na hulaliana ovyo. Tofauti iko kwenye namna nafasi hiyo ilivyokatwakatwa. Mchanga una vyumba vichache vipana vyenye milango mipana. Mfinyanzi una vijumba visivyohesabika, na milango yake mingi haipitishi hata bakteria.

Upana wa milango hiyo unaweza kukisiwa. Punje tatu za mviringo zinapogusana, upenyo unaobaki katikati yake una nusukipenyo cha asilimia 15 hivi ya nusukipenyo cha punje. Kwa punje za milimita 1, huo ni mlango wa nusukipenyo cha milimita 0.08. Punje zikiwa ndogo mara kumi, na mlango nao hupungua mara kumi. Ndiyo maana tunapima punje ingawa maji hayapiti ndani ya punje: punje ni kitu tunachoweza kukichekecha, tundu hatuwezi.

Sasa kuvuta. Maji hushikamana na ukuta wa punje, na hushikana yenyewe kwa yenyewe. Ndani ya tundu jembamba uso wa maji haukai bapa. Kandokando hupanda ukuta, katikati hubonyea kama bakuli. Uso uliobonyea hivyo hufanya shinikizo la maji yaliyo chini yake kuwa dogo kuliko shinikizo la hewa iliyo juu yake. Tofauti hiyo ndiyo shinikizo la kapilari, nayo ni mara mbili ya mvutano wa uso wa maji (ile nguvu inayoufanya uso wa maji ujikaze kama ngozi) ukigawanywa kwa nusukipenyo cha tundu, iwapo maji yanalowesha ukuta barabara. Mwingereza James Jurin alionyesha mwaka 1718 kwamba kimo cha maji ndani ya mrija mwembamba huongezeka kwa kadiri mrija unavyopungua upana. Kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi kuna njia ya mkato ninayoipenda: gawanya 15 kwa nusukipenyo cha tundu kwa milimita, unapata kimo cha maji kwa milimita. Tundu la milimita 0.1 litainua maji sentimita 15. La 0.01, mita moja na nusu. La 0.001, mita 15.

Hiyo mita 15 inastahili kusimama kidogo. Pampu ya kufyonza, hata ikiwa bora namna gani, haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi, kwa kuwa kinachoyasukuma ni uzito wa hewa tu. Udongo hupita mpaka huo bila taabu. Maji yaliyo ndani ya tundu la nusukipenyo cha milimita 0.001 yamevutwa kwa zaidi ya kilopaskali 140, kuliko hata shinikizo lote la hewa, na hayakatiki kwa sababu humo ndani hakuna pa kuanzia kiputo. Wanafunzi wengi hukataa jambo hili mara ya kwanza. Nami nililikataa.

Basi kuvuta kumeeleweka: tundu likipungua mara mbili, mvuto huongezeka mara mbili. Kubana je? Maji yanayogusa ukuta wa tundu hayasogei kabisa. Yale ya jirani husogea kidogo, ya katikati ndiyo yanayokimbia. Tundu likiwa jembamba, karibu maji yote ni jirani wa ukuta. Kwenye miaka ya 1830 na 1840, Mjerumani Hagen na Mfaransa Poiseuille, kila mmoja kivyake, walipima maji yanayopita kwenye mirija myembamba na kukuta kwamba ukipunguza nusukipenyo mara mbili, maji yanayopita hupungua mara 16. Unaweza kusema, basi tuweke mirija minne myembamba mahali pa mmoja mpana, eneo lirudi lilelile. Sawa, bado umepoteza mara nne. Kwa hiyo, kwa eneo moja la udongo, wepesi wa maji kupita hupungua kwa mraba wa tundu.

Ukuta wenyewe ni mwingi kupita kiasi. Gramu moja ya mchanga wa milimita 1 ina uso wa sentimita za mraba 23 hivi, eneo dogo kuliko kiganja. Gramu moja ya montimoriloniti, aina ya mfinyanzi unaovimba ukilowa, inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 700. Maji yanayopita humo yana ukuta wa kila upande wa kuyakwaruza.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Punguza tundu mara 100: mvuto umeongezeka mara 100, wepesi wa njia umepungua mara 10,000. Ukizidisha, umebaki na moja ya mia ya ulichokuwa nacho. Mfinyanzi unapenda maji kuliko mchanga, tena sana, lakini unayanywa kwa mrija mwembamba mno. Edward Washburn wa Marekani aliliandika hilo kwa hesabu mwaka 1921: katika mrija uliolazwa, umbali ambao maji yamefika unafuata kipeuo cha pili cha nusukipenyo kikizidishwa kwa muda. Mrija wa nusukipenyo cha milimita 0.1 ungeyafikisha maji sentimita 6 katika sekunde moja. Wa milimita 0.001, unaovuta mara 100 zaidi, ungeyafikisha milimita 6.

Hiyo ni mirija. Kwa udongo wenyewe, wahandisi wa maji hutumia sana fomula ya Green na Ampt, waliyoitoa Australia mwaka 1911. Wao walichukulia kwamba maji huingia kama ukuta mmoja wa unyevu unaoshuka, juu yake kumejaa, chini yake kukavu, na penye mpaka kuna mvuto. Jedwali maarufu la namba za fomula hiyo, lililochapishwa mwaka 1983 kutokana na sampuli nyingi za udongo wa Marekani, linaupa mchanga mvuto sawa na sentimita 4.95 za maji na kasi ya kupitisha maji ya sentimita 11.78 kwa saa. Mfinyanzi linaupa mvuto wa sentimita 31.63 na kasi ya sentimita 0.03 kwa saa. Mvuto wa mfinyanzi ni zaidi ya mara sita ule wa mchanga. Njia yake ni nzito karibu mara 400.

Tumia namba hizo kufuatilia bomba lako. Unyevu ukiwa umeshuka sentimita 1 tu, mfinyanzi unakunywa karibu sentimita 1 kwa saa, kwa sababu mvuto wote unafanya kazi kwenye umbali mfupi. Ukifika sentimita 5, kasi imeanguka hadi milimita 2 na kitu kwa saa. Ukifika sentimita 30, ni milimita 0.6. Mvuto ni uleule, lakini sasa unaburuta maji kupitia sentimita 30 za vinjia vyembamba. Kwenye mchanga, kwa vina hivyohivyo, utapata kama sentimita 70, 23 na 14 kwa saa. Mchanga unakaribia haraka kasi yake ya kudumu, ambapo uzito wa maji ndio unaofanya kazi na mvuto wa kapilari ni msaidizi tu. Ndiyo sababu udongo mkavu hupokea dakika za kwanza za mvua vizuri, kisha maji huanza kutiririka juu yake ingawa mvua haijaongezeka.

Turudi kwenye karai. Hapo uzito wa maji umegeuka kuwa mpinzani. Kwenye mchanga maji hupanda mpaka uzito wake ulingane na mvuto mdogo wa matundu mapana, yanasimama. Kwenye mfinyanzi kikomo kiko mbali, mita kadhaa huko juu, na hutakiona kwenye bomba lako. Lakini nina hakika kuna kitu kilikupita: kama ungekaa na saa mkononi dakika ile ya kwanza, ungeona mchanga ukiongoza. Mchanga hufika kwake upesi na kuketi; mfinyanzi unatambaa, unaupita baadaye, na hauachi. Rudia ukitazama dakika tano za mwanzo. Ongeza na bomba la tatu la mchangatope, maana huo ndio mshindi wa kweli katika mambo mengi ya shambani: matundu yake ni membamba kiasi cha kuinua maji mita moja na zaidi, na mapana kiasi cha kuyafikisha ndani ya muda unaomfaa mmea.

Huenda ukapiga hesabu kwa ile njia ya mkato na milango ya asilimia 15, ukapata kwamba mchanga wako wa milimita 1 ungepaswa kuinua maji karibu sentimita 19, nawe umeona chache. Hesabu yako haina kosa. Maji yanayopanda husimamishwa na vyumba, si milango; kila yakifika kwenye chumba kipana mvuto hulegea. Maji yanayoshuka, kinyume chake, huzuiwa na milango. Jaza bomba jingine la mchanga, lizamishe lote lijae maji, kisha lisimamishe karaini lichuruzike. Utakuta maji yamebaki juu zaidi kuliko yalikopanda kwenye bomba lililoanza kavu. Mchanga uleule, karai lilelile, vimo viwili. Udongo una kumbukumbu ya ulikotoka, na anayepima unyevu bila kujua kama udongo unalowa au unakauka anajidanganya.

Kuhusu udongo uliochanganyika, usidanganywe na wastani wa punje. Allen Hazen, mhandisi wa Marekani aliyeshughulika na vichujio vya mchanga, aliona mwaka 1892 kwamba kasi ya maji inafuata mraba wa ile saizi ambayo ni asilimia 10 tu ya mchanga, kwa uzito, iko chini yake. Saizi hiyo ikiwa milimita 1, kasi ni kama sentimita 1 kwa sekunde, ikiwa 0.2, ni kama 0.04. Ni kanuni ya mchanga tu, usiipeleke kwenye mfinyanzi. Lakini inafundisha kwamba wadogo ndio wenye amri. Punje ndogo huketi ndani ya vyumba vya kubwa na kuvigawa, na ndoo ya mchanga mzuri huharibiwa na vikombe vichache vya unga.

Sasa nikukosoe jambo moja. Uliusaga mfinyanzi ukawa unga. Kwa kupima nguvu ya punje pekee umefanya vema, ila usiende shambani ukidhani kila mfinyanzi uko hivyo. Mfinyanzi ulio hai hushikana ukawa madonge, na kati ya madonge kuna nyufa, njia za mizizi iliyooza na mashimo ya nyungunyungu. Kumbuka ile mara 16. Shimo moja la nusukipenyo cha milimita 1 hupitisha maji sawa na vishimo 10,000 vya milimita 0.1. Shamba la mfinyanzi lenye nyungunyungu linaweza kunywa mvua ambayo udongo wa kichanga uliopigwa na matone hadi ukafanya gamba juu hauwezi kuinywa. Wewe uliposaga, ulibomoa barabara zote ukabakiza vichochoro.

Kingine: maji kuwapo kwenye udongo si lazima yapatikane. Mimea mingi hushindwa kuyavuta maji yanapokuwa yameshikwa kwa kilopaskali 1,500 hivi, na hayo ni yale yaliyo ndani ya vitundu vya kipenyo cha chini ya milimita 0.0002. Mfinyanzi una vitundu hivyo kwa wingi. Unaweza kuona mmea unanyauka juu ya udongo ambao ukiuweka kwenye oveni bado unatoa maji mengi.

Na kokoto za chungu chako. Hapa ndipo watu hunibishia, kwa sababu akili inasema njia pana hutoa maji haraka. Hutoa, maji yakishaingia ndani yake. Lakini maji ya udongo ulio juu yameshikwa na matundu membamba, yamo kwenye shinikizo la chini kuliko la hewa. Nafasi kati ya kokoto zina upana wa milimita kadhaa. Gawanya 15 kwa 2, mvuto wake haufiki hata sentimita moja. Maji hayawezi kutoka kwa mvutaji mwenye nguvu kwenda kwa mnyonge. Yanasubiri juu ya mpaka, yanarundikana, mpaka sehemu ya chini ya udongo ijae karibu kabisa, ndipo yadondoke. Baada ya kudondoka kunabaki tabaka lilelile la tope ambalo lingekuwa kwenye sakafu ya chungu kisicho na kokoto, ila sasa limesogezwa juu, karibu na mizizi. Wahandisi hutumia ujanja huohuo kwa makusudi: huweka udongo laini juu ya changarawe kufunika taka, ili mvua ishikwe juu na isifike chini.

Hapo pia utaona kwamba cheo cha mchanga kama mpitishaji bora kina masharti. Ukishakauka kiasi, matundu yake mapana yako matupu, hewa imekaa, na maji yaliyobaki yameng'ang'ania kwenye pembe za punje bila kuungana. Mfinyanzi kwa mvuto huohuo bado umejaa na bado unapitisha. Kwenye ukavu, mfinyanzi ndiye mpitishaji.

Kwa hiyo toa kokoto. Jaza udongo wa aina moja kutoka juu hadi chini, na ukiweza tumia chungu kirefu zaidi: unene wa lile tabaka la tope unategemea udongo, hautegemei chungu, hivyo kwenye chungu kirefu mizizi hubaki na nafasi kubwa juu yake. Bado kukiwa na tope, chukua kamba ya pamba, ilowanishe, ipenyeze kwenye tundu la chini hadi iguse udongo vizuri, na uache ncha nyingine ining'inie sentimita 15 hivi chini ya chungu. Matundu ya kamba ni membamba, yanapokea maji ambayo kokoto ziliyakataa, na maji yanayoning'inia ndani yake yanaongeza uzito wa kuvuta kwenda chini. Weka kikombe chini ya ncha hiyo, umwagilie, uone kinachojaa.